Nusu Gari na Tela ya Buluu

Mpwa wangu ana nusu gari. Sisemi hivyo kwa kumdharau, ingawa kumdharau namdharau pia, na sababu ninazo. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyo. Lori refu lina vipande viwili: mbele kuna kichwa, penye injini na usukani na dereva anayejiona, nyuma kuna tela, penye mzigo. Mpwa wangu ana kichwa chake mwenyewe. Tela hana. Kwa hiyo kule yadini wanamwita Nusu Gari, naye akisikia jina hilo hugeuza shingo kama mtu aliyepitiwa na harufu.

Mama yake ni dada yangu wa kuzaliwa, mwanamke mwenye akili zake timamu. Hizi alizo nazo mwanawe sijui ziliokotwa wapi. Kuendesha lakini anajua, tusimwonee, maana nilimfundisha mimi. Mimi shule niliiacha mapema, nilichosoma sana ni vibao vya barabarani, na vibao hivyo vimenilisha vizuri kuliko wengi waliosoma mpaka wakavaa miwani. Nilimkalisha kwenye usukani nikamfundisha kurudisha tela nyuma kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni unaomba radhi. Akaweza. Akaajiriwa na tajiri mmoja, akaendesha miaka mingi, na tajiri alipochoka na biashara, mpwa akakichukua kichwa kimoja, akakilipa kidogo kidogo mpaka kikawa chake. Jambo la kwanza alilofanya ni kukifungia honi ambayo hata meli ingeona haya kuipiga. Akipita barabara ya kwetu, vikombe vinahama kabatini.

Sasa, mwenye kichwa asiye na tela hukodi. Yeye hukodi kwa Bibi Matairi.

Bibi Matairi ana yadi, na ndani ya yadi ana tela za kila namna: bapa za kubebea vyuma na mbao, zenye kingo za magunia, na zile mifupa mitupu za kubebea kontena. Mwenyewe hukaa langoni kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya tairi bovu. Unafika, unamwambia umepata mzigo gani, anakunyooshea kidole tela inayoufaa. Unarudisha kichwa chako nyuma, kinaingia chini ya tela, pini ya tela inajifunga kwenye sahani ya kichwa, lile bamba la chuma mgongoni mwake, ka! Wenyewe wanasema kimeoa. Ukirudi unaiachia pale pale, mnagawana mlichopata, na kesho unaoa nyingine. Tairi likipasuka ni lake. Springi ikivunjika ni yake. Tela ikilala wiki nzima bila mzigo, inalala kwake, wewe unalala kwako.

Cha kwako kubeba ni mdomo wake tu. Hapo ndipo mpwa alipokuwa anaumia.

"Kijana," Bibi Matairi alimwambia siku moja, mbele ya madereva wote na mimi nikiwapo, "hii tela umeiosha au umeionyesha maji?"

"Nimeiosha, Bibi."

"Umeiosha na nani? Maana wewe peke yako una nusu ya mikono, kama gari lako."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilicheka pia, sina haja ya kuficha. Mpwa akachukua ndoo akaiosha upya, midomo imevimba. Jioni ya siku hiyo alikuja kwangu akakaa kwenye benchi la nje, akatangaza kwamba ananunua tela.

"Sababu?" nikamuuliza.

"Mjomba, mtu hawezi kuvuta mali ya mwenzake maisha yote. Lazima ufike mahali uvute chako."

"Una mteja gani wa kudumu?"

"Ninao wengi." Akanionyesha simu. "Humu mna namba hazihesabiki."

"Namba si wateja. Hata mimi ninayo namba ya mganga wa meno, na meno sina."

Nikamweleza, maana mimi huwa nawaeleza watu hata wasipostahili. Yuko jamaa mmoja alinunua tela na akafaidi. Lakini jamaa huyo anabebea kiwanda cha chupa, asubuhi chupa, mchana chupa, chupa mpaka anaziota. Mzigo wake ni mmoja, tela yake moja inamtosha, haikai. Wewe leo umepewa mbao, kesho kontena, keshokutwa mahindi. Ukinunua bapa, siku ya kontena utaliweka wapi, mapajani? Na tela isiyo na kazi haikai bure. Jua linakula matairi, kutu inakula vyuma, na wewe unakula maneno ya mkeo.

Alinisikiliza kwa upole kabisa. Kisha akaniuliza: "Nyuma yake niandike nini? Nimefikiria WAAMBIE NIMEFIKA. Au ni refu?"

Hapo nikajua kazi imekwisha. Mtu huyu alikuwa ameshachagua maneno ya nyuma kabla hajauliza matairi. Na ndiyo maana ninawadharau wanunuzi wengi wa tela, si huyu peke yake. Kutafuta mizigo hawataki kukusikia. Wanachotaka ni kutazamwa wakipita.

Tela yenyewe alikuwa ameshaiona. Ilikuwa inauzwa na dalali mmoja ambaye sikulishika jina lake, nilishika viatu vyake. Vilikuwa vyeupe pepe, na mtu anayeuza tela huku amevaa viatu vyeupe hajawahi kuingia chini ya tela hata siku moja. Hakutaka hela taslimu. Alitaka kiwanja cha mpwa wangu, wabadilishane.

Hebu niwaeleze habari ya kiwanja. Mpwa na mkewe wanakaa vyumba viwili vya kupanga. Kimoja wanalala watoto, kingine wanalala wao pamoja na cherehani. Mkewe ni fundi wa nguo. Mashine yake iko miguuni pa kitanda, na akikanyaga pedali, mume analala kama yuko safarini. Kiwanja walikinunua wote wawili, yeye kwa kushona sare za shule, mume kwa usukani, na kila kona ya kiwanja kile yule mwanamke ameshaipangia kitu. Hapa mlango, hapa dirisha la kushonea, hapa maji. Bado ni majani matupu, lakini ukitembea naye pale anakuzungusha njia ndefu ili usipite kwenye ukuta. Hati ina majina yote mawili. Bila sahihi yake hakuna kubadilishana.

Mpwa alinipeleka kuiangalia tela. Nyuma ya gereji moja, kando ya maduka ya vipuri, ilikuwa imesimama kwa miguu yake ya mbele, imepakwa rangi ya buluu mpya inayong'aa hadi kwenye boliti. Mpwa akaizunguka taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akapiga tairi teke. Hili teke la tairi sijawahi kulielewa. Tairi litakujibu nini?

"Bosi, chombo hicho," akasema Viatu Vyeupe. "Wewe ukiingia mjini na hii, watu watasimama."

"Watasimama," akasema mpwa, naye macho yanamlegea.

Mimi nikainama nikaingia chini. Goti langu linauma, lakini niliinama, kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi na rangi hainibabaishi. Nikaitazama pini.

Sasa sikilizeni, ni jambo dogo. Pini ndicho kile kipande cha chuma kinachoning'inia chini ya tela, upande wa mbele, kinachoingia kwenye sahani ya kichwa. Ziko nyembamba na ziko nene. Sahani ya pini nyembamba haipokei pini nene, uibembeleze, uitukane, uipake mafuta ya nazi. Kichwa cha mpwa wangu kina sahani ya nyembamba. Tela ya buluu ilikuwa na pini nene kama shingo ya fahali. Dereva yeyote anajua kuna aina hizo mbili. Lakini yule tajiri wake alikuwa na nyembamba tupu, na Bibi Matairi ana nyembamba tupu, na mpwa wangu kwa miaka yote hiyo hajawahi kuoa nje. Akasahau kwamba duniani kuna wanawake wengine.

Nikatoka, nikajifuta vumbi. "Umechungulia chini?" nikamuuliza.

"Chini kuna nini, Mjomba? Chini ni chini."

Nikanyamaza. Mtasema ningemwambia. Hamumjui. Huyu ukimwambia shimo lile pale, anakwenda kulipima kwa mguu kuhakikisha kwamba wewe ndiye mwongo. Ningemwambia pini ni nene, angesema naona wivu, angetia sahihi siku hiyo hiyo.

Aliyekuja kwangu ni mkewe. Alikuja na sindano bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni, uzi mweusi umemning'inia begani.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Baba watoto anataka nitie sahihi. Ananibembeleza siku hizi mpaka ananichemshia chai. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kujua sukari tunaweka wapi. Nikikataa, ataniambia nimemfunga miguu, nitalisikia neno hilo mpaka nizeeke. Nikikubali, nakwenda kushonea wapi? Kwenye tela?"

"Usikatae," nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho la kupima kitambaa.

"Usikatae, na usitie. Mwambie hivi: mimi mambo ya magari siyajui, nataka tu nione ikitembea. Alete kichwa chake, kiioe mbele yako, akupeleke mpaka kwenye kona na kukurudisha. Ukishuka, unatia sahihi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Na siku hiyo uniite, nitavaa shati zuri."

Hakuniuliza zaidi. Ndiyo maana yeye namheshimu. Katika nyumba ile, kichwa kinachofanya kazi hakina magurudumu.

Mpwa alipoambiwa sharti hilo alifurahi sana. Alichoona yeye ni kwamba amepata watazamaji. Akachagua Jumamosi asubuhi, gereji ikiwa imejaa watu. Akakiosha kichwa chake, na safari hii alikiosha kweli, akaja amepiga pasi shati na kulichomekea. Aliipiga honi tangu njia panda. Mafundi wakatoka chini ya magari. Muuza chai akaweka birika chini. Viatu Vyeupe alikuwa amekaa kwenye kiti na kalamu mfukoni, na mkwe wangu amesimama pembeni, mkoba kwapani, hati ya kiwanja imo ndani ya mkoba.

"Mama watoto, sogea," mpwa akamwambia kutoka dirishani, "usije ukachafuka. Mtu akioa huwa kuna vumbi."

"Nimesogea," akasema mke. "Oa."

Akarudi nyuma. Vizuri, amenyooka, kama nilivyomfundisha. Kichwa kikaingia chini ya tela, sahani ikaigonga pini, na badala ya ka! ikalia du. Tela nzima ikatingishika kwenye miguu yake. Mpwa akasogea mbele kidogo, tela ikabaki pale pale inamtazama.

Akarudi tena. Du.

"Bibi harusi hataki," akasema fundi mmoja.

"Mahari haijatimia," akasema mwingine.

"Mwacheni, ni mara yake ya kwanza. Anaona haya."

Mpwa akashuka. "Ni kutu," akatangaza, bila kuulizwa na mtu. Akaomba grisi. Wakampa kopo zima, wakimhurumia kwa meno yote nje. Akaingia chini na shati lake la pasi, akaipaka ile pini grisi, na hebu fikirieni, aliipaka kwa mkono wake, akaizungushia vidole vyake vyote, bado hakuona kwamba ni nene. Akatoka mweusi mpaka viwikoni. Akarudi nyuma mara ya tatu, kwa hasira, na tela ikaruka hatua moja nyuma, muuza chai akaliwahi birika lake.

Ndipo fundi mzee wa pale akaenda akainama, akatazama, akainuka na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bwana, hii ni nene. Yako ni nyembamba."

Kisha kicheko kikaanzia upande wa matairi na kuizunguka gereji yote. Nilijitahidi nisicheke wa kwanza, na nilifaulu, nikacheka wa pili.

Viatu Vyeupe akainuka haraka. "Hilo ni dogo, bosi. Jambo dogo sana. Fundi wangu anaikata hiyo pini sasa hivi, anachomelea nyembamba mahali pake, mchana unaondoka nayo. Shemeji atie tu sahihi, kalamu hii hapa."

Mpwa akaitazama rangi ya buluu. Nikamwona anapima. Watu wote wale wanamtazama, na mbele yake kuna njia ya kuondoka na tela asionekane mjinga. Hata mimi ninayecheka, nikaacha kucheka.

Mkewe akauliza: "Baba watoto, hiyo pini inashika nini?"

"Inashika tela."

"Na nini kingine kinaishika tela?"

"Hakuna," akasema.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Hata ikiwa na mzigo, mlimani, na mabasi nyuma yako?"

Hapo namsifu mpwa wangu mara ya pili, na sitarajii kumsifu tena hivi karibuni. Alijifuta mikono kwenye suruali yake nzuri, akamwambia Viatu Vyeupe: "Pini haichomelewi. Anayeichomelea ni muuaji."

"Basi badilisha sahani yako," akasema yule, bila hata kupumua. "Weka sahani ya pini nene. Hiyo ndiyo kabisa."

"Nikibadilisha," mpwa akasema polepole, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali, "tela za Bibi Matairi haziingii tena hata moja."

"Za nini tena, bosi? Utakuwa na yako."

"Na siku ya kontena?"

Viatu Vyeupe akacheka kidogo, akairudisha kalamu mfukoni. Na mimi niliyekuwa nimeyasema maneno hayo hayo kwenye benchi langu, bure, na chai nikatoa, nilimwacha ayaone kama yamezaliwa kichwani mwake. Kwa watu wa aina yake, jambo halina ukweli mpaka liwapige du mara tatu mbele ya umma.

Akakifuata kichwa chake, akapanda, akamfungulia mkewe mlango wa upande wa pili. Mkewe akapanda na mkoba wake kwapani. Wakaondoka bila honi. Huko nyuma Viatu Vyeupe alikuwa anatazama tone la grisi lililomrukia kwenye kiatu, na hakukuwa na mtu wa kumpa kitambaa.

Mnadhani alijifunza? Jumatatu alikuwa langoni kwa Bibi Matairi anawasimulia madereva jinsi alivyoikataa tela ya buluu. "Niliiangalia vizuri," anasema, "nikaona rangi ile haidumu." Rangi, jamani. Mtu ameponea chupuchupu kupoteza kiwanja, na anachokosoa ni rangi. Bibi Matairi alimsikiliza hadi mwisho, miguu juu ya tairi, akamwambia achukue ile bapa ya ukutani na airudishe ikiwa safi. Akaichukua. Inampa kazi mpaka leo, akitaka kontena anabadilisha, akitaka magunia anabadilisha, na bado anaongea kuhusu siku atakayonunua ya kwake. Akipata kiwanda chake cha chupa, nitakwenda naye mwenyewe kuinama. Kabla ya hapo asinisumbue goti.

Mkewe hakungoja hotuba nyingine. Wiki ile ile alichukua akiba aliyokuwa anaiweka kutokana na sare, akamleta mwashi kiwanjani, akamwambia achimbe msingi. Mwanamke anajua kwamba majani ni rahisi kubadilishana, ila ukuta una uzito. Mume akapewa amri ya kuleta matofali, na akayaleta, nasema ukweli, aliirudisha ile bapa kwenye kichochoro cha kiwanja kwa kisukumo kimoja bila kugusa ua la jirani. Kisha akashuka, akakunja mikono, akaanza kumwelekeza mwashi namna ya kujenga. Pembe hii iko chini. Ile imepinda. Huku uongeze kidogo, hapa mimi nimeona nyumba nyingi njiani.

Mwashi aliendelea kuchota udongo kando ya kamba yake ya kupimia msingi. Mkewe alikuwa amesimama mahali pa dirisha lake la kushonea, anapima mwanga kwa kiganja.

"Bwana," mwashi akamwambia mwishowe, bila kuinua kichwa, "toka juu ya kamba yangu. Kinachoipindisha ni mguu wako."